Walisaini Wakitafuna Kahawa

Mkanda ulimtangazia Rwechungura kifo chake kwa adabu kubwa, ukimwita "mpendwa mtumiaji" mwanzo na mwisho wa tangazo. Alikuwa amekaa sebuleni kwake, Kashai, mjini Bukoba, shati limepandishwa mpaka kifuani, mdogo wake Kemilembe akimbadilishia chujio. Kwanza mkanda, figo yake ya kuvaa, ulitetema kiunoni. Kisha ile sauti ya kike iliyozoea kumkumbusha apunguze chumvi ikasema kwamba toleo la tisa la programu ya Mkondo lilikuwa njiani, kwamba mikanda ya kizazi cha kwanza haitaweza kulipokea, na kwamba kwa usalama wake mwenyewe mkanda wake utalazwa masika yatakapokwisha. Ikamshukuru kwa kuwa mwanafamilia wa Lumeka, kampuni iliyoutengeneza.

"Huyu mtangazaji hajui kuvuta pumzi," alisema Rwechungura. Alikuwa ametangaza redioni miaka mingi kabla figo zake hazijamgomea, na hakuna sauti iliyopita mbele yake bila kupewa maksi. "Habari kama hii unaisoma taratibu. Unamwachia msikilizaji nafasi ya kutafuta kiti."

"Kaka, tulia nimalize."

"Nitulie vipi na mimi ndiye ninayelazwa?"

Kemilembe hakucheka. Chujio lilikuwa kiganjani mwake, kidude cha plastiki chenye nyuzi laini ambamo damu yote ya kaka yake ilipita, ikazunguka na kurudi. Alilisukuma mpaka likakaa, akamshushia shati. Alipoinua macho alimwona wifi yake, Adeltruda, amesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi, na uso ulionyesha kwamba amesikia kila neno.

"Kulazwa maana yake nini, wifi? Wanauchukua wakautengeneze?"

"Wanauzima."

"Halafu wanampa mwingine."

"Mkanda mpya upo, ila nchi yetu haimo kwenye awamu hii. Hawajasema awamu yetu ni lini."

"Basi atarudi Mwanza kwenye ile mashine ya zamani. Si alikuwa anaenda?"

Hapo Kemilembe alilazimika kumkumbusha jambo ambalo mji mzima ulilishangilia. Mikanda ilipokuja, hospitali zilianza kuzitoa zile mashine kubwa za kusafishia damu, moja baada ya nyingine. Nani angehifadhi kitanda na mashine yake wakati mgonjwa anatembea na figo yake kiunoni mpaka sokoni? Ukumbi wa Mwanza uligeuzwa wodi ya wazazi. Viongozi walikata utepe, watu wakala pilau, na Rwechungura mwenyewe ndiye aliyekuwa msema chochote wa sherehe. Mashine zilizobaki zilikuwa Dar es Salaam, na watu walikuwa wanafia kwenye foleni yake.

Rwechungura aliacha utani. "Lakini Kemi, Mkondo si wetu? Si ninyi mnaouandika pale kwa Ta Mutalemwa? Jina lako nimeliona mle ndani kwa macho yangu."

Alikuwa ameliona kweli. Tangu alipoachana na redio alijifundisha kusoma msimbo wa programu, pole pole, kwa kusumbua watu. Alisema hawezi kuzungushiwa damu na kitu asichokielewa. Alikuwa akimpigia dada yake simu katikati ya kazi kumuuliza mstari huu unafanya nini na ule kwa nini umerudiwa.

"Ni wetu," alijibu Kemilembe. Aliwaona wote wawili wakishusha pumzi, na akakosa namna ya kulirudisha lile neno.

*

Karakana ya Ta Mutalemwa ilikuwa ya majokofu kabla haijawa ya figo. Bado mlangoni palikuwa na friji mbili za watu waliokwisha kuzisahau. Mzee mwenyewe alipaka nywele dawa nyeusi na aligombana na yeyote aliyetaja umri, hata kwa heshima. Hapo ndipo kikundi cha Kashai kilipokutana kila wiki: wauguzi, mafundi, wahadhiri kutoka chuoni, na Kemilembe, ambaye mchana aliajiriwa kutunza vifaa vya hospitali na jioni alitunza msimbo bure.

Lumeka ilitengeneza chuma. Akili ya mkanda waliiandika watu wa namna hii, wa Bukoba, wa Kisumu, wa Mbeya na wa nchi wasizozijua, kwa sababu Mkondo ulikuwa wa chanzo huria: kila mtu aliruhusiwa kuusoma, kuurekebisha na kuuchukua. Kikundi cha Kashai ndicho kilichoufundisha mkanda kubana matumizi ya betri umeme unapokatika. Wenzao wa Kisumu waliufundisha joto na jasho. Palipohitajika mtu wa kusema kwamba mama mjamzito hapimwi kama dereva wa lori, alitokea muuguzi akasema, na kesho yake ikaandikwa.

Siku ile wote walikuja, hata wale wavivu wa vikao.

"Tunachukua nakala yetu, tunaondoka," alisema Ta Mutalemwa. Alikuwa amesimama, jambo ambalo hakulifanya bure. "Toleo la nane ni huria. Hakuna mahakama ya kulirudisha ndani."

"Hakuna, waitu," Kemilembe alikubali, kwa heshima ya Kihaya. "Toleo la nane ni letu mpaka kiama. Tunaweza kulisoma, tukalirekebisha, tukalichapa na kulibandika ukutani. Mkanda ndio hautalipokea."

"Kwa nini usilipokee na ni lile lile?"

Akawaeleza, ingawa wengi walijua na waliuliza tu kwa uchungu. Mkanda haukubali programu yoyote isiyo na muhuri. Muhuri ni hesabu ndefu inayopigwa kwa ufunguo mmoja, na ufunguo huo uko Lumeka. Toleo likiguswa herufi moja tu, muhuri haulingani tena na mkanda unalitema. Siku ya kulazwa ikifika, mkanda utapokea amri yenye muhuri ya kusimama, nao utasimama. Wanaweza kuwa na maneno yote ya Mkondo, na mkanda usiwasikilize.

"Na sehemu hiyo ya kukagua muhuri aliandika nani?" aliuliza Editha, muuguzi, ambaye siku zote aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi," alisema Kemilembe.

Hakuna aliyemlaumu. Aliiandika ili mtu mbaya asije akapenyeza kitu kwenye kiuno cha mgonjwa, na walipoipitisha walimpigia makofi. Ilikuwa kazi nzuri. Hata sasa ilikuwa kazi nzuri, na hilo lilimuuma zaidi kuliko kama angekuwa amekosea.

Mhadhiri mmoja, Bwana Byabato, ndiye aliyetaja mkataba. Alisema kwa mtu wa sheria hakuna cha kupigania, maana walisaini wenyewe, wakiwa na akili zao, mchana kweupe. Wote walikuwa wanaikumbuka siku ile.

Lumeka ilikuwa imemtuma mtu, Fulgensi Mbawala, Mngoni wa Songea, mcheshi, mwenye shati lililofuliwa vizuri na viatu vilivyokwisha. Alileta mkataba wa mchangiaji. Mkataba haukuficha kitu. Ulisema kazi ya mtu inabaki kuwa yake, ila anaipa Lumeka ruhusa isiyo na mwisho ya kuitumia, kuibadilisha na kuitoa kwa leseni yoyote itakayoona inafaa. Leseni yoyote. Byabato alipiga mstari chini ya maneno hayo kwa kalamu yake. Kemilembe aliyaona pia. Walikuwa wamekubaliana kwamba yeye ndiye atakayeuliza: hata iliyofungwa? Hata itakayotufungia nje sisi wenyewe?

Lakini Ta Mutalemwa alikuwa ameshaleta kahawa ya kutafuna. Ni ile iliyochemshwa na majani yake ikaanikwa na maganda, na ndani ya kila tunda mna punje mbili, pacha. Mzee alipasua tunda moja, punje moja akaitia kinywani mwake, ya pili akamtilia mgeni kiganjani. Enzi za mababu punje hizo zilipakwa damu, na waliozila wakawa ndugu kuliko waliozaliwa pamoja. Mmoja hamnyimi mwenzake, hamdhuru wala hamgeuki. Damu imeachwa siku nyingi. Ila mpaka leo, Bukoba, mkono uliokwisha kumpasulia mtu kahawa haumgeukii hapo hapo kumuuliza atakufanyia nini siku akikusaliti. Ni tusi. Ni bora ungemnyima kiti.

Mbawala aliitafuna, akakunja uso kwa uchungu wake, akaomba nyingine. Watu walicheka mpaka machozi. Kemilembe aliufungua mdomo, akamwona mzee anavyong'aa, akaufunga. Wakasaini, mmoja mmoja, huku wakitafuna.

*

Alimpata Mbawala kwa video, Songea, katikati ya kelele za kuku. Lumeka ilipouzwa kwa wenye mali wengine, watu wa aina yake ndio waliotangulia kutolewa. Sasa alikuwa anauza mayai. Alikuwa amenenepa, na alipomtambua mpigaji alifuta mikono kwenye suruali kama anayekaribia kumshika mkono.

"Nimelisikia tangazo, Dada Kemilembe. Nimekosa raha wiki nzima."

"Ulijua?"

"Niliwauliza wanasheria wetu, naapa. Niliwaambia, hii leseni yoyote ya nini? Wakasema ni tahadhari tu, sheria zikija kubadilika. Nikaamini. Kama nisingeamini, nisingekula ile kahawa ya mzee."

"Najua uliamini."

"Wale walionituma nao waliamini, wengine wao. Bi mkubwa wetu wa ofisini alikuwa analia akisoma barua za wagonjwa." Alimfukuza kuku aliyeparamia meza. "Lakini mliokula naye ni mimi. Kampuni haikuwepo pale. Mimi nilikuwepo, na mimi walinitoa."

Kemilembe alikuwa ameipanga hasira yake vizuri kabla ya kupiga, na sasa hakuona wa kumpa. Mtu aliyekuwa mbele yake hakuwa na ufunguo, hakuwa na cheo, hakuwa na hata namba ya simu inayopokelewa. Mbawala alijitolea kumwandikia bi mkubwa wa zamani. Kemilembe akamwambia aandike. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaiandikia Lumeka, na kila mara alijibiwa papo hapo, kwa Kiswahili safi, na mashine iliyosikitika pamoja naye.

"Mzee hajambo?" Mbawala aliuliza mwishoni, macho yakiwa chini.

"Hajambo. Bado anapaka nywele."

Mbawala alitabasamu, kisha uso ukamharibika, akazima simu bila kuaga.

*

Mlango wa kuukwepa muhuri aliupata akiwa hautafuti. Karakanani palikuwa na mkanda mmoja wa marehemu, ulioachwa na familia yake ili mafundi wajifunzie. Kemilembe aliusahau bila chaji mpaka ukafa kabisa. Alipouchomeka tena, mkanda uliamka na kuanza kukagua muhuri kabla saa yake ya ndani haijajirekebisha. Kwa kitambo kifupi uliamini kwamba bado uko kiwandani, haujazaliwa. Na mkanda ulioko kiwandani unaukubali muhuri wa majaribio, ule waliokuwa wakiutumia wao waandishi zamani, ambao ufunguo wake uko wazi ndani ya msimbo wa zamani kwa kila mwenye macho.

Kosa lilikuwa lake. Aliiandika kwa haraka sehemu ile ya kuamka, akiwa na malaria. Alichukua toleo la nane walilolirekebisha wenyewe, akaondoa humo ile amri ya kulazwa, akalipiga muhuri wa majaribio, akauacha mkanda ufe tena. Ulipoamka, aliupa. Ukapokea. Ukaanza kunguruma taratibu juu ya meza, ukizungusha maji ya kujaribia, mzima, huru, na usiopokea tena kitu kutoka Lumeka.

Kemilembe alilia kwa furaha. Kisha alikumbuka ni nini hasa alichokiona.

"Tumepona!" Ta Mutalemwa alisema alipoonyeshwa. Alimshika mabega akamtikisa. "Kemi mwanangu, tumepona!"

"Tumepona sisi, waitu. Mlango huu uko kwenye kila mkanda duniani. Mikanda mipya nayo, maana msimbo ni ule ule."

"Na iwe hivyo."

"Nikiwawekea watu wetu, mkanda mmoja tu ukiangukia mikononi mwa mtu anayejua kusoma, ataona tulikoingilia. Ataingia kwa yeyote. Mtoto aliyelala huko Lima, bibi wa Mombasa. Anangoja tu betri imwishie mtu, anaweka kitu chake, anasimamisha damu. Mtu anaweza kuuza hicho kitu, Ta. Watu watakinunua."

"Nani atanunua?"

"Wenye wagomvi wao. Wenye kurithi."

Mzee alikaa chini.

"Mimi hao wa Lima siwajui," alisema. "Wapone, nawaombea. Rwechungura namjua. Nimemsikiliza kila asubuhi nikinyoa ndevu. Unaweza kuwaandikia Lumeka wazibe shimo lao, wakakushukuru, ukalala usingizi mzuri. Masika yakiisha tutakwenda kumzika kaka yako, na wewe utakuwa umefanya vyema. Utaweza?"

Kemilembe hakuweza hilo wala lile jingine. Siku zilizofuata alikwenda kazini, akahesabu vifaa, akarudi. Chakula kilimkinaisha. Akifumba macho alimwona mtoto wa watu, asiye na jina, na mkanda mdogo kiunoni. Akifumbua, kaka yake anampigia simu. Siku hizo Rwechungura alikuwa na maswali mengi kupita kawaida, kuhusu betri na kuhusu saa ya ndani, na Kemilembe alijibu huku akili iko kwingine, akimkatisha. Alimwonea huruma kwa kujisumbua na mambo ya kitabuni wakati huu.

Hakumwambia kitu kuhusu mlango. Kwao mgonjwa haambiwi. Wazima hukaa upande wa pili wa ukuta wakaamua, kisha huingia chumbani wakitabasamu, na hiyo ndiyo heshima. Aliona akimwambia atakuwa amemtwisha mzigo wa kuchagua kati ya roho yake na roho za watu, na mzigo huo hakutaka aubebe mtu mwenye damu ya kuazima. Aubebe yeye.

Mwishowe alichagua. Alichagua vibaya, na alijua ni vibaya, na alimchagua kaka yake. Jumamosi asubuhi alitia waya na kifaa chake kwenye mkoba, akampigia Ta Mutalemwa akamwambia maneno mawili tu, "Naanza leo." Njiani alijichukia kwa moyo wote, na hakugeuka.

*

Nyumba ilikuwa inanukia senene wa kukaanga. Adeltruda alimpokea kwa vigelegele ambavyo Kemilembe hakuvielewa, na sebuleni Rwechungura alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa koti lake la redioni.

"Kaa, kaa. Usiseme kitu. Nina habari."

"Kaka, kwanza nataka kuushughulikia mkanda wako. Betri inabidi iishe kabisa, usiogope..."

"Betri!" Rwechungura alimgeukia mkewe. "Umesikia? Na yeye yuko kwenye betri." Akacheka, akamvuta dada yake akae. "Jumatano umeme ulikatika, mimi nikapitiwa na usingizi, mkanda ukazimika. Niliporudishia chaji nikaona kwenye kioo chake mstari unapita, fyuu, umekwenda. Muhuri wa majaribio, sawa. Nikajiuliza, majaribio gani? Mimi ni wa kujaribiwa? Nikaingia kwenye msimbo. Unakumbuka nilikuuliza kuhusu saa ya ndani? Nilikuwa nakuchimba, wewe hujui."

Kemilembe aliuweka mkoba chini.

"Kemi, pale pana mlango. Mtu mbaya angeingia akaua watu. Ni kwenye sehemu yako, usijisikie vibaya, hata wakubwa hukosea. Nikaandika dawa yake, mistari michache tu. Nikaijaribu kwenye mkanda wangu mwenyewe kwanza, nikiipitishia mlango ule ule, maana siwezi kuwapa watu kitu nisichokionja. Nikawatumia Lumeka."

"Lini?"

"Jana. Kabla hawajapokea wakanitaka nisaini mkataba wenu ule. Nimeusoma wote, una maneno mengi ila ni wa kawaida, nikasaini. Haikupita saa moja wakaniambia wameziba mikanda yote kwa dharura. Yote, Kemi! Dunia nzima. Mimi, kwenye kochi hili."

Adeltruda aliweka sahani mezani, macho yakimetameta. "Mwambie na ile barua."

"Ee. Nikawaandikia na barua." Sauti yake ilishuka, ikaacha mbwembwe. "Nilijiambia huendi kwa mtu kuomba na mikono mitupu. Ukienda na kuku, hata kama ni mmoja, anakupokea kwa namna nyingine. Sikuwa na kuku. Basi nikawapa hicho, halafu nikawaeleza, kwa heshima, kwamba mimi pia ni mvaaji wa mkanda wa kizazi cha kwanza, na tuko wengi huku, naomba watufikirie. Mtu aliyewafanyia hisani kama hiyo hawawezi kumzima tu. Au unaonaje?"

Kemilembe aliomba auone mkanda. Alisema ni kukagua chujio. Alipiga magoti mbele ya kaka yake, akaunganisha waya na kusoma kilichoandikwa ndani, na kilikuwa kama alivyosema. Pale alipokuwa ameacha wazi palikuwa pamezibwa, na pamezibwa kwa ustadi zaidi, pasipo neno la ziada, kuliko ambavyo yeye angeziba. Aliyemfundisha ni yeye. Alitafuta upenyo mwingine, kando, chini, huku akijua alivyoiandika ile sehemu nyingine yote. Hapakuwa na upenyo. Alichomoa waya akaurudisha mkobani.

Mahali fulani moyoni mwake palikuwa na nafuu, kwa ajili ya yule mtoto wa watu, na aliionea haya nafuu hiyo.

"Wamekujibu barua?" aliuliza akiwa bado chini.

"Wamenishukuru kwa mchango. Hiyo ya barua wamesema imepokelewa, itapelekwa kwa wahusika. Kwa Jumamosi watakuwa hawapo ofisini." Alimwinua. "Sasa kuna jambo dogo limebaki. Wameziba kwa dharura, lakini jina langu haliingii kwenye orodha ya wachangiaji mpaka mlinzi wa sehemu hiyo ya msimbo akubali. Mlinzi ni nani?"

Aliifungua kompyuta akaiweka mapajani mwa dada yake. Ilikuwa pale, kazi ya kaka yake, ya kwanza, ikisubiri. Chini yake palikuwa na alama ya kijani kwamba mkataba umesainiwa.

Kemilembe aliitazama. Akikataa, hakuna mkanda hata mmoja utakaofunguka. Lumeka ilikuwa imeshaujua mlango na kuufunga. Akikataa, ataulizwa kwa nini, na jibu la kweli litamwambia mtu huyu, katika masika yake ya mwisho, kwamba dada yake alikuja na uhai wake mkobani asubuhi hii na akakuta yeye ameufungia nje kwa mkono wake mwenyewe. Alijaribu kufikiri ni nani duniani anayeweza kumpigia simu sasa hivi. Hakumpata. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliomba isiache.

"Kemi, vipi? Nimekosea mahali?"

"Hapana, kaka. Hujakosea. Ni safi kabisa."

"Basi bonyeza."

Akabonyeza. Orodha ndefu ya majina ilijifungua upya, na la Rwechungura lilikuwa juu kabisa, jipya, likiwa na Bukoba mbele yake. Adeltruda alipiga kigelegele. Rwechungura aliigeuza kompyuta ili mkewe aone vizuri, akaliwekea kidole jina lake.

"Umeona?" alimwambia. "Sasa hawawezi kusema hawanijui."